Plagi ya Tano kwenye Gari la Harusi

Nyie nichekeni tu, Mpanda nzima ilishanicheka siku ile na sikufa.

Dada yangu Neema alikuwa anaolewa, na gari la bibi harusi lilikuwa la mjomba, limetoka Japani, la kwanza lenye kompyuta kufika mtaani kwetu Shanwe (ndivyo alivyotutangazia). Juzi yake injini ilichemka gari likitoka Kasansa, gasketi ikaungua, maji ya rejeta yakapita mpaka kwenye ekzosi. Fundi wangu, aliyekuwa ananifundisha kazi gereji, akabadilisha gasketi, akaniachia mimi, bingwa wa darasa la saba, nilikague.

Asubuhi ya harusi likatoa moshi mweusi. Nikaingia chini, nikaona kwenye bomba la ekzosi kitu kama plagi, ncha ina ukoko mweupe. Injini ya silinda nne, plagi nne ziko juu, kwa hiyo kwa akili yangu kubwa nikaamua Wajapani wameongeza ya tano. Nikaifungua, nikaipiga msasa, nikaiosha kwa petroli, nikairudisha.

"Mjomba, limepona?" mwenye gari akaniuliza.

Wasichana wa kwaya walikuwa wananitazama, nikaona haya kusema sijui, nikaitikia kwa kichwa kama daktari.

Padri alishaonya kwamba saa nne anafungisha, akimaliza anakwenda kusalisha vigangoni, huko vijijini, na asiyekuwepo asubiri mwezi ujao. Basi tulipofika sokoni Kashaulili gari likakohoa, likazima. Dada akashuka kupata hewa, akasimama nyuma ya gari, nami nikamwambia dereva kwa sauti ya kitaalamu, "Piga stata, kanyaga mafuta!" Likawaka. Masizi yote yakatua kwenye gauni jeupe, kisha likazima tena, moja kwa moja.

Fundi wangu, aliyekuwa kwenye msafara, akalala chini na suti yake.

"Nani kapiga msasa sensa ya oksijeni?"

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Hii inanusa moshi, inaiambia kompyuta ipunguze petroli. Maji ya rejeta yameiua, sasa injini inakunywa mpaka inazama. Nauliza, nani?"

Soko zima likanigeukia.

Nyuma yetu wajomba wa bwana harusi, Wasukuma, walikuwa wanaleta zawadi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mmoja wao akapaza sauti:

"Mpandisheni bibi harusi huku! Ng'ombe wetu hawana plagi hata moja!"

Tulimkuta padri ameshapanda pikipiki. Akamtazama dada juu mpaka chini.

"Umetoka kuchoma mkaa, mwanangu?"

Lakini akashuka, akawafungisha.

Siku hizi likija gari nisilolielewa, nasema sijui kabla boneti haijafunguliwa. Wateja wengine husonya na kuondoka. Waende salama.