Pindo la Mama Mkwe

Wajukuu wakiniuliza ni mwaka gani, nawaambia ulikuwa mwaka wa viazi. Sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, iliyaangukia mahindi kabla hayajakomaa, ikaunguza mashamba mazima kama mtu aliyepita na moto, na kilichobaki cha kuliwa ni kile kilichojificha chini ya udongo. Asubuhi viazi mviringo vya kuchemsha na chumvi. Mchana viazi. Jioni tulivipondaponda tukavila na majani ya maboga, tukajidanganya kuwa ni ugali. Hata watoto walinuka viazi kwenye nywele. Wenye vitabu watakwambia ni miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo miaka yangu naihesabu kwa tumbo.

Tulikuwa tunaishi kambini, kwenye shamba la pareto la mzungu, juu kwenye milima ya Uporoto, Mbeya. Mume wangu alikuwa utingo wa lori lililokwenda Iringa na kurudi, leo yupo, kesho hayupo. Mimi nilichuma maua. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alikuwa mgongoni.

Watu hawajui kazi ya pareto. Ua la pareto halichumwi likiwa na umande, maana likiingia kwenye kikaushio na maji yake linaoza, na mnyapara anakumwagia kikapu chote miguuni. Lakini mnyapara huyohuyo anataka kuwahesabu watu alfajiri. Kwa hiyo wanawake tulifika gizagiza, tukahesabiwa, halafu tukakaa pembeni ya shamba kwenye ukungu, tukisubiri jua likaushe maua. Wengine walisinzia. Wengine walisengenya waume. Mimi nilisuka.

Milulu, yale majani marefu ya kusukia vikapu, yana tabia kinyume na pareto. Yanataka unyevu. Jua likiyapiga yanakatikakatika mkononi. Ule umande uliowazuia wenzangu kufanya kazi ndio ulionipa mimi kazi yangu. Mtoto nikimzungusha mbele anyonye, milulu mapajani, vidole vinakwenda. Sisemi haya kwa kujisifu. Basi, nasema kwa kujisifu: kambi nzima hapakuwa na mwanamke aliyesuka akinyonyesha na mistari yake isipinde.

Kulikuwa na jirani yangu mmoja, Mnyakyusa, mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mama, hicho kikapu utatilia ugali gani, na nchi nzima inakula viazi?"

"Nitatilia maneno yako, dada. Naona hayana pa kukaa."

Wenzetu walicheka mpaka mnyapara akaja kuona kuna nini. Akanisimamia.

"Wewe mama, hapa tunalipia maua. Majani hatulipii."

"Umande ukikauka niambie, baba. Kwa sasa vidole ni vyangu."

Akaondoka akitikisa kichwa. Hakunifukuza, maana jua likitoka nilichuma kuliko wanaume.

Lakini vikapu vyangu vyote vilikuwa na upungufu mmoja. Nilijua kuanza kitako, nilijua kupandisha ubavu, nilijua kuingiza mstari mweusi na mwekundu. Pindo la juu sikulijua. Pindo ndilo linalokishika kikapu. Bila hilo kinaachia kidogo kidogo mpaka unabaki na kifurushi cha majani. Wanawake wengi wa kule Iringa walilishona kwa uzi wa katani. Mama mkwe wangu hakushona. Alilaza milulu yenyewe kwa yenyewe, ikazunguka, ikaingia, usione ilipoanzia wala ilipoishia, na hata ukikijaza maji kikapu kile kilishika muda kabla hakijaanza kudondosha.

Mimi si mtu wa Iringa. Kwetu ni Usafwa, hapohapo Mbeya. Kusuka nilikukuta kwa wakwe, mwaka nilioolewa, nikakupenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono. Mama mkwe alinifundisha mwenyewe, barazani kwake. Mtu wa maneno machache. Siku moja alichukua vidole vyangu akavitazama kama mtu anayenunua kuku, akasema, "Hivi havina haraka," na mimi niliikumbatia sifa hiyo mwaka mzima. Ila tukifika kwenye pindo alijifunika kanga mapajani, akageukia ukutani, akamaliza, akanirudishia kikapu kimefungwa. Nikajaribu kumuuliza. Akasema pindo hafundishwi mke wa mtu. Pindo hufundishwa mjukuu, yule anayelala nyumba moja na bibi, kwa sababu linataka jicho la kila siku.

Basi tukaishi hivyo hata nilipohamia kambini. Nasuka, mume wangu anakipakia kikapu kwenye lori kikiwa wazi juu, kinakwenda Iringa, kinarudi kina pindo.

Mwaka huo wa viazi nikamwachisha mtoto ziwa. Habari ikafika Iringa na lori, na lori lilipopanda tena mlimani likamleta mama mkwe mwenyewe, amejifunga blanketi, ana kikapu cha karanga kichwani. Alishuka akasimama mlangoni kwangu.

"Kamwene."

"Kamwene, mama. Karibu ndani, kuna baridi."

"Sikai sana. Nimekuja kumchukua mke mwenzangu."

Ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kike, na mtoto wangu alicheka bila kujua anachekea nini. Haukuwa utani mtupu. Desturi ilikuwa hivyo kwao, na kwetu pia: mtoto wa kwanza akishaacha ziwa huenda kwa bibi, mama apate nafasi ya kazi na mimba nyingine, bibi apate wa kuota naye moto. Hakuna aliyeona kuwa ni kunyang'anywa. Jirani yangu Mnyakyusa alishaniambia, "Mpeleke, upumue. Mgongo wako umeshakuwa kitanda."

Mama mkwe aliketi, akala viazi vyangu bila kulalamika, akakishika kikapu nilichokuwa nasuka. Akakizungusha polepole. Akapitisha kidole ubavuni.

"Umefika," alisema.

Akakilaza mapajani, akaendelea:

"Nipe mtoto. Mvua zikianza na wewe njoo, kaa kwangu mpaka zikome. Nitalilaza pindo mbele yake na wewe ukitazama. Sijawahi kumfanyia hivyo mke wa mtoto wangu yeyote."

Mume wangu alikuwa pale, ananitazama usoni. Aliona ni jambo limekwisha. Nani angekataa? Nilikuwa nimelitaka pindo lile kama mwenye kiu. Usingizini nililaza milulu, nikiamka vidole vinacheza juu ya blanketi. Na mtoto angekula karanga na maziwa, si viazi vya kambini. Angelala mahali pakavu.

Lakini mimi nililelewa na bibi. Nilipelekwa nikiwa mdogo kama huyo, nikarudishwa nyumbani nikiwa naweza kubeba mtungi. Nilimwamkia mama yangu kama mgeni aliyepita njiani. Naye alinipa chakula kwanza kabla ya wengine, kama anavyopewa mgeni. Tuliishi hivyo kwa heshima mpaka akafa. Sikujua akitoka shambani anaumwa wapi. Sikujua anapenda nini. Wadogo zangu waliokulia kwake walijua hata hatua zake akija amekasirika. Mimi nilizisikia tu kuwa ni hatua.

Hayo sikuyasema. Nilikuwa kijana, na mbele ya mama mkwe mtu hajielezi. Nilisema:

"Mtoto simtoi. Akae na mimi, anione nikichoka."

Mume wangu akatoka nje akajifanya anatafuta kuni. Mama mkwe hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alikiweka kikapu chini, taratibu, karibu na mguu wangu.

"Haya," alisema. "Basi nifungie viazi vya njiani."

Alirudi Iringa na lori lilelile, na mume wangu aliporudi kambini alilala amenigeuzia mgongo. Asubuhi tu ndipo aliposema, "Umemrudisha mama yangu mikono mitupu, kama ombaomba."

Sasa nieleze nilichopata. Mtoto akishaacha ziwa hakai mgongoni akatulia. Anashuka. Saa ile ya umande, iliyokuwa yangu, ikawa yake. Nikitandaza milulu anaikanyaga. Nikimpa mmoja achezee anautaka na wa pili, ule niliokwisha kuuingiza. Jua likitoka vumbi la pareto lilimwingia machoni, yakawa mekundu, na mashavu yakamtoka vipele. Nikachuma kwa mkono mmoja, wa pili unamfuta. Mnyapara hakuhitaji tena kuniambia habari ya majani. Mstari wa kikapu kimoja ulinichukua kipupwe kizima, na ulipinda.

Nilikimaliza hivyo hivyo, kikiwa wazi juu, nikampa mume wangu akipeleke Iringa kama zamani. Sikutuma neno. Niliona akikilaza pindo nitajua amenisamehe.

Kikapu kilirudi kimejaa unga wa ulezi, umefunikwa kwa jani la mgomba. Mwaka ule, unga wa ulezi! Watu wa kambi walikuja kuutazama. Nilimpikia mtoto uji akanywa mpaka akalala na kijiko mkononi. Halafu nikakikung'uta kikapu, nikakigeuza. Kilikuwa wazi juu, kama kilivyokwenda.

Nilielewa. Mjukuu atamlisha. Pindo ni kitu kingine.

Nilisuka kidogo baada ya hapo, halafu nikaacha. Si kwamba niliamua. Ilitokea mimba nyingine, ikatokea ya tatu, na saa za umande zikawa saa za kufunga watoto nguo. Vikapu vilivyokuwa wazi viliachia kimoja kimoja, nikawashia moto.

Mama mkwe alifariki miaka michache baadaye, wakati wa baridi. Tulishuka sote na lori mpaka Iringa. Binti yangu alikuwa tayari ananifuata kwa miguu yake, anabeba mdogo wake. Baada ya maziko na siku za kukaa msibani, wazee waligawa vitu vya marehemu, na mimi nikapewa kikapu. Kidogo, cha unga, mstari mmoja mweusi, na lile pindo juu.

Nilikwenda nacho nyuma ya nyumba, mchana, wenzangu wakiosha vyombo. Nikaketi kwenye gogo. Niliona kuwa pindo lililofungwa mtu anaweza kulifungua, na anayeweza kulifungua ataona lilivyolazwa. Nilitafuta ncha kwa ukucha muda mrefu. Nikaipata. Nikaivuta polepole sana, nimezuia pumzi. Nikaona mlulu umepita chini, ukapita juu, ukarudi chini ya wa jirani yake. Nikasema moyoni, nimelipata. Nikavuta kidogo tena, na lote likaachia kwa pamoja, mzunguko mzima, kama mtu aliyeachia mikono. Mapajani nikabaki na majani makavu yaliyokumbuka mikunjo lakini hayakunionyesha yalikuwa yamekunjwa na nini. Nikajaribu kuyarudisha. Kwa sababu yalikuwa makavu, yakakatika.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, sina sababu ya kulifunika. Sikuzote nikiona vikapu vya Iringa vinauzwa barabarani natazama juu kwanza. Vinashonwa uzi. Ni vizuri, vina rangi, wageni wanavipenda. Binti yangu huyo, ambaye sasa naye ana wajukuu, hunichokoza: "Mama, ungenipeleka tu. Leo ningekuwa fundi mwenye jina." Anasema akicheka, huku ananikanda mguu wa kushoto, ambao ndio unaouma, na sijamwambia ni upi.

Siku ile ya msiba, wifi yangu, dada wa mume wangu, alinikuta pale kwenye gogo. Aliona milulu imesambaa akajua nimefanya nini. Hakunikaripia. Akaketi kando yangu, akaokota mmoja.

"Na mimi hakunifundisha," alisema. "Lakini nilikuwa naosha vyombo hapa, namwona kwa pembeni. Mwanzo naukumbuka. Kati ndiyo sijui."

"Mwanzo unaukumbuka?"

"Kabisa." Akalaza milulu mitatu juu ya goti lake, na nikaona pindo linaanza, lilelile, halafu vidole vyake vikasimama. "Hapa. Wifi, nyumba ya mama haiwezi kukaa bila mjukuu. Niachie huyu mkubwa. Ana macho, nimemwona anavyotazama vitu. Na wewe uwe unakuja. Watatu tukikaa juu yake tutaipata hiyo kati."

Binti yangu alikuwa mlangoni, mdogo wake kiunoni, anatusikiliza. Safari ya kwanza nilikuwa nakataa kitu nisichokijua. Safari hii kilikuwa kimelala mapajani kwangu, kimekatikakatika, na mwanzo wake ulikuwa juu ya goti la wifi yangu. Niliutazama sana. Mpaka leo naweza kukuonyesha milulu ile mitatu ilivyolala.

Nikajipangusa kanga, nikasema:

"Mtoto simtoi. Akae na mimi, anione nikichoka."