Rubugo Iliyofungia Vioo

Mti wa mtoma ukivuliwa gome huvikwa. Mume wangu ndiye aliyenionyesha, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu pale Ihembe, Karagwe. Alikata mstari juu na mstari chini, akapasua gome kwa urefu, akalibandua taratibu kama mtu anayemvua nguo mtoto mgonjwa. Shina likabaki jeupe, linatoka majimaji. Gome lenyewe aliliacha chini kwanza. Akaenda kukata majani mabichi ya mgomba, akaufunga mti pale palipokuwa wazi na kukaza kwa kamba za maganda. Nikamuuliza haraka ya nini. Akasema, "Utapata baridi."

Nimeanza na mti kwa sababu hasira yangu inaanzia hapo. Sisi hata mti hatuuachi uchi.

Gome lile aliligonga kwenye gogo kwa siku nyingi, kwa nyundo ya mbao yenye mifereji, mpaka likatanuka na kuwa nguo. Nguo hiyo kwetu inaitwa rubugo. Ikianikwa juani inageuka rangi ya udongo mwekundu. Mchana mtu huifunga begani, usiku anajifunika. Mvua haipendi, huchanika ikilowa, ndiyo maana mvua ikinyesha tunaikunja na kujifunika ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa siagi. Na mtu akifa anafungwa ndani ya rubugo na kuzikwa nayo. Mume wangu aligonga za watu wengi. Yake aliigonga kwa ajili yake, nene kuliko zote, kwa kuwa kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni.

Wazungu waliokuja kwetu, bwana na mkewe, hawakuwa watu wa serikali wala wa dini. Walikuja kutembea tu. Walipanda meli ya moshi inayozunguka ziwa, wakashuka Bukoba, meli ikaendelea na safari yake, nayo ingewachukua ikirudi. Katikati hapo walitaka kuona milima yetu, na zaidi yale maji ya moto yaliyoko upande wa Kyerwa, ambako watu wetu huenda kujichovya wakiumwa viungo. Wapagazi waliotoka nao Bukoba walipofika Ihembe walitaka kurudi kwao. Mkuu wa kijiji akaita watu wengine kumi na wanne, mume wangu mmoja wao. Ukiitwa na mkuu, unakwenda. Mimi nikafuatana naye kuwapikia, kama wake wengine wawili walivyofanya.

Msimamizi wa msafara alikuwa mfanyabiashara wa nguo, Mwislamu aliyezaliwa hukuhuku, baba yake mtu wa pwani. Alijua Kiswahili na Kinyambo, na Kijerumani kidogo cha kuombea radhi. Mkewe ndiye aliyenifundisha Kiswahili, tukichambua kahawa pamoja uani kwao. Kwa hiyo hakuwa mgeni kwangu, na sitaki kumsema vibaya kuliko alivyostahili.

Wazungu wale walikuwa na kitabu kidogo chenye jalada jekundu. Nilidhani ni kitabu cha sala, maana bibi alikishika kila asubuhi kabla ya kutoka hemani. Msimamizi akaniambia, "Si sala. Kinawaambia wavae nini katika nchi za joto." Kisha akanihesabia amri zake huku anacheka. Kofia ngumu isivuliwe mpaka jua lizame. Kitambaa cha kufunika shingo. Viatu mpaka gotini. Mkanda mpana wa sufu kuzunguka tumbo, usiku na mchana, hata jua likiwaka, kwa sababu baridi ya tumbo huua. Na neno moja, alisema, lilipigiwa mstari: msafiri asikae hata kidogo na nguo iliyolowa mwilini.

Hayo yaliandikwa, na wao waliyasoma kila asubuhi. Naomba msomaji ayakumbuke.

Siku ya kuondoka bibi alituangalia, akaongea na msimamizi kwa muda mrefu. Msimamizi akaja.

"Bibi anasema ngozi zenu zinanuka siagi. Zibaki hapa."

"Na nguo zetu?" mume wangu aliuliza.

"Bibi ana sanduku la kupigia picha. Anasema mkivaa vile mnafanana na kilima, picha haioni mtu. Amewanunulia mashati."

Yalikuwa mashati ya merikani, meupe, mepesi, kutoka dukani kwa msimamizi mwenyewe. Zile rubugo zikakusanywa. Nyingi ziliachwa kwa mkuu pamoja na ngozi, lakini ya mume wangu bibi aliipapasa, akatabasamu. Ilikuwa nene na laini. Picha zao zilikuwa zinashikwa kwenye vioo, na vioo vilihitaji kitu cha kuvitenganisha visigongane sandukuni. Akaichukua.

Mume wangu alisimama ameshika shati mkononi, hajalivaa. Akanitazama. Na hapa ni lazima niseme kweli, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kuisema. Nilicheka kwa furaha. Hakuna mwanamke wa kitongoji chetu ambaye mume wake alikuwa na shati. Nikamwambia, "Vaa bwana. Utafanana na mtu wa pwani." Akavaa.

Jirani yetu mmoja, mpagazi mwenzake, mtu wa mzaha, alipoona mstari mzima umekuwa mweupe akasema, "Haya, yangeyange kumi na wanne. Ng'ombe wenyewe wametangulia mbele wamevaa kofia."

Tulicheka sana. Tulipita kijiji cha Nyakahanga tukicheka.

Siku ya pili mvua ilitukuta juu ya mlima, mahali pasipo na mgomba wala nyumba. Anayeijua Karagwe kwa kusikia anaweza kudhani ni nchi ya joto kwa kuwa kitabu kilisema hivyo. Upepo wa vilimani kwetu wakati wa masika unaingia kwenye mifupa. Bwana na bibi walivikwa makoti ya mpira, hema likasimamishwa, wakabadilisha nguo tangu soksi. Wapagazi walikaa na mashati yameganda migongoni. Hawakuwa na nguo nyingine. Jioni ile mume wangu alianza kukohoa.

Nilimfuata msimamizi. "Bwana, naomba ile rubugo mume wangu ajifunike. Asubuhi nitairudisha."

"Ipo ndani, kati ya vioo."

"Vioo vinaona baridi?"

"Dada, usinitie matatani. Wakimaliza picha nitaiomba mwenyewe."

Nikamwambia mume wangu tutasubiri picha ziishe. Hakulalamika. Alikunja mikono kifuani ndani ya lile shati, akauliza kama chakula kimeiva.

Tulipofika kwenye maji ya moto, moshi wake ulikuwa umepanda kati ya miti. Nilitaka aingie mara moja, kwa maana kila mtu kwetu anajua yale maji yanalegeza kifua. Msimamizi akatuzuia. Wageni wanaingia kwanza. Wakatoka hemani wamevaa nguo nyingine kabisa, ya sufu, ina mistari ya buluu, imeshika mwili toka shingoni mpaka gotini. Sikuelewa. Nikamuuliza msimamizi ile ni ya nini.

"Ya kuogea."

"Wanaoga nayo?"

"Wanaoga nayo."

Jirani akasema, "Kumbe wana nguo ya kulowa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Kofia hawakuvua hata majini. Mume wangu alisimama kando akitetemeka kwa vipindi, mpaka walipotoka na kujikausha na kufunga tena ile mikanda yao ya tumbo. Kisha wakataka picha kabla jua halijageuka. Wapagazi wakapangwa kwenye mstari mbele ya moshi. Bibi alikuja mwenyewe kumnyoosha mume wangu kola. Alipomgusa shingoni alivuta mkono, maana mume wangu alikuwa anawaka homa. Nilimwona. Alijua. Akarudi kwenye sanduku lake akapiga picha.

Maji mume wangu aliyaingia jioni, yakamsaidia kwa muda wa kula chakula kimoja. Katika kurudi hakuweza kubeba. Kichomi kilikuwa kimemshika ubavuni, akawa anavuta pumzi fupi fupi. Wenzake waligawana mzigo wake, kisha wakagawana na yeye mwenyewe, kwenye machela ya fito. Tulifika Ihembe mchana. Nilimfunika kwa ngozi ya kwanza niliyoiona, nikawasha moto. Alifariki alfajiri, akiwa bado amevaa lile shati, kwa sababu kumwinua kulimuumiza nami sikutaka kumuumiza.

Wageni walikuwa wamelala kambini karibu na kwa mkuu. Ilibidi waondoke asubuhi hiyohiyo kuiwahi meli. Nilijifunga ukanda wa maganda makavu ya mgomba, ambao kwetu ndio vazi la mfiwa, nikaenda. Sanduku la vioo lilikuwa nje, limekwisha kufungwa. Nikalikalia.

Msimamizi alikuja mbio. "Dada, pole kwa msiba. Inuka."

"Nataka nguo ya mume wangu."

"Wamefunga sanduku."

"Nimeona."

Akaenda hemani. Niliwasikia wakisema, sauti ya bibi juu kuliko ya bwana. Akarudi ameshika mkanda wa sufu.

"Anasema wakilifungua vioo vitavunjika, na safari yote itakuwa kazi bure. Anakupa huu wake. Unapasha joto tumbo."

"Mwambie tumbo la mume wangu limeshapoa."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Mwambie utakavyoweza."

Akachuchumaa karibu yangu, akashusha sauti. "Nikwambie neno kama kaka yako. Kwetu sisi maiti huvikwa nguo nyeupe. Marehemu ana shati jeupe. Hakuna aibu."

Alisema kwa wema, najua. Lakini niliwaka. "Kwenu ni kwenu. Wewe ukifa, nikikuzika na ngozi ya mbuzi yenye siagi, wanao watanishukuru?"

Akainuka.

Jirani yetu alikuwa amekwisha kujitwika mzigo. Akautua. Akasema, "Mgongo unaniuma."

Mwingine akatua wake. "Na mimi mguu."

"Mimi jino."

Ikapita hivyo mstari mzima, mpaka wa mwisho, kijana mkimya ambaye hata jina lake wengi hawakulijua, akakaa chini na kusema, "Mimi siumwi kitu. Nakaa tu."

Bwana alitoka hemani na saa yake mkononi. Alitazama saa, akatazama mizigo chini, akanitazama mimi juu ya sanduku. Akasema maneno mengi. Msimamizi hakuyatafsiri. Alisimama katikati yetu, akapandisha mikono kichwani akaanza kufungua kilemba chake. Sikuwahi kumwona mtu yule kichwa wazi, wala nadhani yeyote pale Ihembe alikuwa amemwona. Kilemba kilikuwa kirefu, laini, chenye pindo ya hariri. Alikuwa na kipara na kovu dogo. Akanyoosha kile kitambaa mbele ya bwana na kusema kwa Kijerumani chake, kisha akaniambia, "Inuka sasa. Nitavifunga kwa hiki."

Niliinuka. Alitoa kioo kimoja kimoja kwa mikono yake, na hakikuvunjika hata kimoja. Kumbe iliwezekana tangu siku ya kwanza. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha maharage, na ingefanywa jioni ile ya mvua, mume wangu angelala amefunikwa.

Rubugo ilinuka dawa za picha. Tulimvua shati, tukamfunga kwa nguo yake, tukamzika nyuma ya nyumba penye migomba yake. Wapagazi walikuja kuzika kwanza, ndipo wakabeba mizigo. Kama meli iliwahiwa au haikuwahiwa sijui, wala sikuuliza.

Ule mkanda wa sufu niliuchukua. Sipendi kudanganya. Msimamizi aliuacha juu ya jiwe, nikauokota, nikauvaa masika mawili mpaka ulipokatika. Ulipasha joto kweli. Kila nilipoufunga hasira ilipanda upya, kwa kuwa ulinithibitishia kwamba watu wale hawakukosa kujua. Walijua baridi inaua. Walikuwa nayo imeandikwa.

Miaka baadaye nilisoma kwa miaka miwili, tayari mtu mzima, nikaweza kusoma na kuandika hiki ninachoandika. Msimamizi, ambaye sasa ni mzee na bado anauza nguo, aliniambia ameletewa nakala ya picha ile na kwamba mume wangu anaonekana vizuri, shati lake ndilo jeupe kuliko yote. Akauliza kama naitaka. Nikamwambia ajiwekee.

Shati nilimpa yule kijana aliyekaa tu.

Kabla ya safari ile mume wangu alikuwa amevua gome mtoma mmoja ulio karibu na mlango, akaufunga majani kama kawaida yake. Gome lilikuwa limekwisha kukauka, hakuna wa kuligonga. Siku za kufungua mti zilipotimia niliyafungua majani mwenyewe. Chini yake ngozi mpya ilikuwa imeanza kushika, nyembamba, ya kijani. Nilisimama pale nikiwa na majani makavu mkononi. Nimewalaumu wageni katika kurasa hizi na sitaondoa hata neno moja. Lakini aliyemwambia avae lile shati ni mimi, tena kwa kucheka, nami nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiufunika mti.