Poda ya Mtoto kwenye Sakafu ya Disko

Miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa vitu tena, nilikuwa na mke, mtoto mchanga na disko. Disko lenyewe lilikuwa deki mbili za kaseti, spika mbili nilizochongesha kwa seremala, na ukumbi wa kukodi Chang'ombe. Tulipiga Jumapili mchana, kwa sababu maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yamepungua na jioni umeme ulikatwa kwa mgao. Watu walitoka kanisani, wakala, wakaja kucheza jua likiwa kali.

Nilipiga muziki wa mashine. Binamu yangu alinitumia kaseti kutoka Dar es Salaam: ngoma isiyochoka, kinanda cha umeme, na mtu anayerudia neno moja mpaka kaseti iishe. Wazee waliniuliza mwimbaji yuko wapi. Vijana wao walicheza mpaka mashati yakalowa. Mke wangu nilimpata humo humo ukumbini, akizunguka kwa raba zake nyeupe, na nilikosea kugeuza kaseti kwa kumtazama.

Siri ya sakafu yetu ilikuwa poda. Saruji ile ilikuwa imekwaruzika, na ukiinyunyizia poda kidogo mguu unateleza wenyewe. Mwanzoni nilinunua. Mtoto alipozaliwa nikaanza kuchota kwenye kopo lake, kidogo kidogo, nafunga kwenye vikaratasi vya daftari kama bizari ya dukani. Mke wangu akaona kopo linaisha upesi, akamshuku dada yangu aliyekuwa akikaa nasi. Wakanuniana wiki nzima, hata chumvi hawaombani. Mimi nikaendelea kuchota, nikala ugali wao. Sijivunii.

Wakati huo ilikuwa imekuja sheria mpya ya dawa za kulevya, na redioni walisema hata mwenye jengo anaweza kushitakiwa. Mwenye ukumbi, mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulikuwa wa biashara tangu enzi za misafara, aliniita.

"Mwanangu, vijana wako hawavuti?"

"Hawavuti, mzee. Wa bangi nawarudisha mlangoni."

"Haya. Mimi nina ukumbi huu mmoja tu."

Jumapili iliyofuata polisi waliingia watu wakiwa katikati ya mchezo. Wakazima muziki, wakapekua mifuko, wakafika mezani kwangu. Ndani ya kopo la biskuti walikuta vikaratasi sita, na ndani yake kitu cheupe.

"Kete sita za unga," akasema sajenti, taratibu tu.

"Ni poda, afande. Ya kunyunyizia sakafu."

"Hiyo ndiyo kwanza naisikia leo," akasema, akanifunga pingu mbele ya watu wote waliokuwa wamekuja kufurahi.

Kituoni mke wangu alikuja na mtoto mgongoni. Akamwamkia sajenti shikamoo, kisha akanigeukia. Nakiri nilimwogopa yeye kuliko jela.

"Ni poda ya mtoto," nikasema. "Nilikuwa naichota mimi."

"Wewe? Na wifi yangu nimemnunia wiki nzima?"

Sajenti akajifanya anasoma daftari lake. Mke wangu akafungua kanga, akamweka mtoto juu ya kaunta.

"Afande, nusa karatasi zako. Halafu umnuse mwanangu."

Akanusa karatasi moja. Akainama, akanusa shingo ya mtoto, na mtoto akamkamata sikio. Nilimwona sajenti akitabasamu.

"Mama, mimi nakuamini," akasema. "Lakini sheria haina pua. Lazima ziende kwa mkemia, Dar es Salaam."

Nikatoka kwa dhamana, niripoti kila Jumatatu. Mwenye ukumbi alinikabidhi spika zangu kwa mikono miwili. "Sikufukuzi, mwanangu, naogopa tu," akasema, nami sikuweza kumchukia. Ukumbi ukawa ghala la karanga za wakulima wa Mlali. Spika nikaziweka chumbani, mke wangu akazifunika kitambaa, nami nikawa natengeneza redio za watu na sisikilizi yoyote.

Mtaani niliitwa muuza unga. Akina mama waliwavuta watoto wao nilipopita, na hilo liliniuma kuliko pingu. Siku moja bombani mwanamke mmoja alilitaja jina hilo mbele ya mke wangu. Mke wangu akatua ndoo. "Mume wangu ni mwizi, ndiyo," akasema, "lakini wa poda!" Nilisimuliwa na dada yangu, maana siku hizo walikuwa wameshapatana na wananicheka pamoja.

Miezi ikapita. Mtoto akasimama, akaanza kutembea. Alasiri moja sajenti akaja na baiskeli, mkononi ana bahasha yenye karatasi tano. Moja ilikuwa imetumika kwenye kipimo.

"Ni poda," akasema. "Pole sana, kijana."

Alipoondoka niliiacha bahasha mezani. Sikutaka kuiona. Mke wangu akasogeza viti ukutani, akafungua karatasi moja, akainyunyiza yote kwenye sakafu yetu, poda ile ile aliyoipigania.

"Weka kaseti," akasema.

"Watu watasema."

"Waseme. Fungua na dirisha."

Siku hiyo ilikuwa zamu yetu ya umeme. Nikainua kitambaa kwenye spika, nikatia kaseti. Ngoma ikaanza, na mke wangu akazunguka pekupeku kama siku ile ya kwanza. Mtoto akamponyoka shangazi yake, akakanyaga poda, akateleza, akakaa chini huku anacheka. Nililia, wala sikuona haya. Kisha nikacheza.

Zilibaki karatasi nne za Jumapili zijazo. Mke wangu akampa dada yangu azitunze, kwa sababu mimi, alisema, siaminiki na poda.