Machipukizi Niliyomng'olea Mke Mwenzangu

Kwetu Bukoba, mtu akikuuliza kama umekula, anataka kujua kama umekula ndizi. Ukimjibu kwamba umekula viazi atakuonea huruma, na atakutafutia mahali pa kukaa ili ule. Enzi zile za Mwingereza wali ulikuwa chakula cha Waswahili wa mjini na cha Wahindi wenye maduka, nao ugali tuliusikia kwa watu waliokutwa na njaa. Chakula kilikuwa ebitoke, ndizi zetu za kupika, na mwanamke alijulikana kwa ebitoke vyake. Ndiyo maana mume wangu aliponiambia anaoa mke wa pili, sikumuuliza kama ni mzuri. Nilimuuliza kama anajua kupika.

"Atajifunza kwako," akasema.

Nilikuwa na wivu tangu dakika ile. Nauandika mapema ili msomaji asije akadhani naelekea kwingine.

Mimi nilitoka Kashozi, nikaolewa Nyanga kwa ndoa ya kanisani. Miaka ilipita bila mtoto. Mashemeji wakaanza kunyamaza nikiingia. Kisha ukaja msimu ambao kahawa ilinunuliwa vizuri, mume wangu akajenga nyumba nyingine upande wa pili wa kibanja, shamba letu la nyumbani, pale ambapo migomba ilikuwa haijafika, akaleta msichana kutoka Muleba. Padri akamnyima mume wangu komunyo. Akawa anakaa benchi la nyuma kila Jumapili, wala sikumwona akikonda.

Sasa, nyumba mpya bila migomba ni kibanda tu, na migomba hainunuliwi dukani. Machipukizi hutoka kwa aliye nayo, na aliye nayo nilikuwa mimi. Kwa lugha ya shamba letu mgomba hauko peke yake. Uliobeba mkungu ni mama. Ubavuni pake husimama mwana, na chini kabisa, akitoa pua udongoni, yupo mjukuu. Wengine wote wanaochipua hapo wang'olewe, maana wanamnyonya mama bure. Hao wanaong'olewa ndio hupelekwa kuanzisha kibanja kingine. Nilikuwa nimeyasema maneno hayo tangu utotoni, mama, mwana, mjukuu, kama mtu anavyotaja vyombo vya jikoni. Mwaka ule yalianza kunichoma mdomoni.

Msichana alikuja asubuhi na kikapu, akapiga magoti, akaniita kwa neno letu la heshima.

"Waitu, nimetumwa machipukizi."

Ningeweza kumpa yale yenye majani mapana. Yanapendeza macho, lakini hayana kitu, mkungu wake mtu anaubeba kwa mkono mmoja. Chipukizi la kuzaa lina jani jembamba, limechongoka kama mkuki. Nilimng'olea hayo ya mkuki, ya nchoncho, ndizi yangu laini kuliko zote. Si kwa wema. Nisingekubali watu wapite pale waseme migomba yangu imezaa vilema.

"Nitayatunza," akasema.

"Yatunze. Lakini mama yao yuko huku kwangu."

Akainamisha kichwa, akaenda zake na wanangu kikapuni.

Walimea. Mume wangu alikuwa na ng'ombe, na mbolea yote ikaanza kuvuka kwenda upande ule, karai baada ya karai, kwa kuwa eti migomba michanga inahitaji nguvu. Yangu ikabaki na majivu ya jikoni. Kila nilipotoka rweya, kule kwenye nyasi wanawake tunakolima njugu mawe, nilipita kwake hata kama njia yangu haikuwa ile. Nilisema naangalia machipukizi. Niliona shina likinenepa, kisha ua likining'inia, kisha mkungu uliobidi kutegemezwa na nguzo mbili. Mgomba wangu mwenyewe haukuwahi kunizalia mkungu wa namna ile. Na msichana naye alikuwa amenenepa. Mkungu niliutazama sana, tumbo nikajifanya silioni.

Jioni sufuria mbili zilifika mbele ya mume wetu. Kila mmoja alitandaza jani lake, akamwagia ebitoke vyake na maharage vikifuka moshi. Mwanamume mwenye wake wawili hula kwa wote, ndiyo heshima, lakini kula ni kula na kuonja ni kuonja. Nilipoondoa vyombo nilisoma yale majani mawili. Kwangu alimega pembeni. Kwake jani lilikuwa tupu. Yeye alikuwa na majani ya maboga ambayo kwao Muleba waliyaunga kwa njugu za kusaga, naye aliyaita kwa jina la huko kwao. Siku moja mume wangu akayaomba kwa jina hilo hilo, mbele yangu, kama aliyezaliwa nalo. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Lilinikaa kooni wakati ule na bado halijashuka.

Akazaa mtoto wa kiume. Nilimpelekea mchuzi, nikamwosha mtoto, nikafanya yote yanayompasa mke mkubwa, kisha nikarudi kwangu nikapalilia mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Kisha ukafika wakati wa kumwachisha ziwa. Desturi yetu mtoto hupelekwa mbali na harufu ya mama yake, akae kwa bibi mpaka asahau. Bibi mmoja alikwisha kufa, mwingine alikuwa Muleba na barabara imeharibiwa na mvua. Mume wangu akasema ataletwa kwangu. Hakuniuliza, na sijui kama mwenzangu aliulizwa.

Mume wangu alimleta yeye mwenyewe begani. Mtoto alilia mchana kutwa, akinisukuma kwa miguu. Jua lilipoinama nilikata ndizi za mgomba mama, shina lile lile nilipong'oa machipukizi, nikazimenya, nikazifunika vizuri kwa majani zikaiva mpaka zikawa laini kama siagi. Nikaponda kidogo na mchuzi wa maharage, nikampulizia. Tonge la kwanza alilitema. La pili akalishika ulimini, akafikiri. La tatu alinifuata mkono kwa mdomo wazi, machozi yakiwa bado shavuni, akasema "mae". Ndilo neno alilokuwa analijua, na ndivyo tunavyomwita mama.

Niliinua macho. Mke mwenzangu alikuwa amesimama kati ya migomba, mbali kidogo, maana hakuruhusiwa kusogea. Kanga yake ilikuwa imelowa kifuani kwa maziwa. Alikuwa akimtazama mtoto akila mkononi mwangu, na uso wake niliufahamu mara moja. Ndio uso niliokuwa nao mimi kila nilipopita kwake kuangalia machipukizi.

Ningeweza kumwambia neno moja la kumtuliza. Alikuwa msichana tu.

Nikamega tonge jingine, nikampa mtoto, taratibu, ili mama yake aone.