Kaburi Nililomwonyesha Bibi Nyabenda

Nimechoka kuulizwa. Kila nikienda gulioni hapa Makere lazima atokee mtu, kabana kicheko, aniulize eti Mama Zena, umeshapata kaburi jingine? Basi leo naisimulia yote mwenyewe, aibu yangu ya kwanza na nyingine juu yake, halafu naomba mniache nishone nguo za watu kwa amani.

Mnajua mimi ni fundi cherehani, na mnaujua ugonjwa wangu wa kupenda habari za koo. Nani alioa kwa nani, nani aliishi kilima gani kabla watu hawajahamishiwa huku barabarani miaka ile ya vijiji, mimi nauliza tu, na wazee wakija kushonewa wananieleza (wengine wanakuja bila nguo yoyote, wanatafuta msikilizaji). Niliona wazee wanaondoka na kila kitu, na tusipowauliza wajukuu watabaki na majina matupu. Kwa hiyo nikawa natembezwa kwenye mahame, yale maskani ya zamani yaliyogeuka pori, naonyeshwa hapa palikuwa kwa fulani, pale amelala fulani.

Sasa, mwaka 2014, mvua za mwisho mwisho, Mzee Gwimo akanipeleka yalikokuwa makazi ya marehemu Bitama. Tulipofika kijitoni akasimama, akanyoosha mdomo kuelekea ng'ambo (yeye hakuwa mtu wa kunyooshea kaburi kidole), akasema Bitama amelala kule, chini ya umuvumu, ule mti mkubwa waliokuwa wanaupanda uani. Kuvuka ilikuwa mpaka nivue viatu, kijito kimejaa, na miguu ilikuwa inaniuma tangu asubuhi. Nikasema nimepaona, mzee wangu, turudi. Hapo ndipo nilipojiponza. Mvua hazijakatika, Mzee Gwimo naye akafariki.

Kiangazi akaja Gideoni, mjukuu wa Bitama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasulu mjini. Bibi yake, Bibi Nyabenda, ndiye mjane wa Bitama. Alikuwa kwa binti yake Kibondo, kazeeka sana, na ombi lake lilikuwa moja tu, aone alipolala mumewe kabla naye hajamfuata. Gideoni alitaka kaburi alijengee kwanza, ndipo amlete bibi alikute limekamilika, afurahi.

"Mama Zena, wanasema wewe unapajua," akaniambia.

Ningesema sina hakika, mambo yangeisha. Lakini mtu ukishasifiwa masikio yanaziba. Nikasema napajua.

Tukavuka. Chini ya umuvumu, katika nyasi za kiunoni, palikuwa na vitu viwili. Upande huu rundo la mawe, yamekaa ovyo ovyo tu. Upande ule ardhi imedidimia, kingo zimenyooka, urefu wa mtu (labda akunje miguu kidogo). Nyinyi mngechagua lipi? Nikasimama penye ardhi iliyodidimia, nikainamisha kichwa, na Gideoni akavua kofia.

Akaleta mafundi, akaleta saruji, akachomelea msalaba wenye jina. Siku ya kubariki alikuja katekista, ikaja kwaya, ukoo ukajaa, wakachinjwa mbuzi wawili. Akina mama wa mapishi wakaniuliza mafiga watapata wapi, nami nilivyokuwa na haraka zangu nikawaambia si hayo mawe pale, chukueni, kokeni moto hapo hapo, kuna kivuli.

Bibi Nyabenda aliletwa kwa bodaboda mpaka kijitoni, wakambeba kumvusha. Sala zilikuwa zimeshaanza, kwaya inaimba, mimi nalia kuwashinda wafiwa. Bibi akautazama umuvumu. Akautazama msalaba. Akaurudia umuvumu.

"Nani kawaambia ni hapa?"

Wote wakanigeukia mimi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hiki ni choo. Bitama alikichimba mwenyewe, mtwale, yule chifu wetu wa enzi zile, alipotoa amri kila kaya iwe na choo."

Katekista akafunga kitabu. Kwaya ikanyamaza, isipokuwa sauti ya pili, iliyoendelea kidogo peke yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kisha nikakumbuka kilichoko chini yake, nikaghairi.

Heri ingeishia hapo. Gideoni akauliza, "Sasa babu yuko wapi, bibi?" Bibi akauzunguka mti kwa fimbo yake, pole pole, sote nyuma yake, mpaka tukafika jikoni, sufuria la mbuzi linatokota.

"Tulimwekea mawe, fisi wasimfukue," akasema. "Mawe yake yako wapi?"

Mpishi mmoja akayatazama mafiga, halafu akanitazama mimi.

Nikapiga magoti hapo hapo. Nikamwambia bibi nisamehe, ni mimi niliyewaambia wayachukue, na kaburi sikuwahi kulifikia, nilichoka nikaona uvivu kuvuka. Gideoni alikuwa ameshanyakua ndoo ya maji azime moto. Bibi akamzuia kwa fimbo.

"Acha. Usimmwagie maji. Bitama alikuwa mtu wa kusikia baridi, kila asubuhi ananisumbua nikoke moto. Mwache aote."

Akakaa chini kando ya moto, akaanza kumsalimia mumewe kwa Kiha, akipiga makofi ya taratibu kama tunavyosalimia wakubwa. Tukakaa naye mpaka kuni zikaisha zenyewe. Nyama ililiwa jioni, imeungua, na mimi sikuweza hata kuionja.

Mawe tuliyarudisha siku ileile. Matatu yana masizi mpaka leo, mvua imeshindwa kuyatoa, kwa hiyo kaburi la Bitama halitapotea tena, na mwaka uliofuata tulimzika Bibi Nyabenda ubavuni pake bila kuuliza mtu. Msalaba Gideoni aliung'oa, ila saruji ya chooni ilishashika, ipo.

Siku hizi mtu akiniuliza palipokuwa kwa fulani, sifungui mdomo mpaka nivue viatu, nivuke, nikasimame hapo kwa miguu yangu hii inayouma. Na kama una bibi yako Kibondo, usianzie kwangu. Kamuulize yeye, maadamu bado anaongea.