Ushahidi Mchache, Makubaliano Makubwa

Kwa miaka kumi na minane Moffat Muriithi alikuwa mlinzi wa maji katika mfereji mmoja wa Mwea, na kwa miaka hiyo yote hakupigwa hata kofi. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga lango la chuma lenye usukani kama wa lori, ili kila shamba la mpunga lipate maji kwa zamu yake. Mkulima akimwuliza maji yatafika lini, alijibu, "Kesho asubuhi," kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzungumza na maji yenyewe. Maji hayakufika kesho asubuhi. Mkulima alirudi, akatukana kidogo, akaambiwa tena kesho asubuhi, akaenda nyumbani ameridhika. Walisema Baba Tabby, kama walivyomwita, ni mtu wa kueleweka.

Kilichomponza ni semina.

Walipelekwa Nyeri siku tatu, walinzi wa maji kumi na wawili, katika hoteli yenye mazulia, kwa hisani ya wafadhili ambao hawakuonekana. Kila mtu aliwekewa chupa yake ya maji mezani, mgao ambao Moffat aliutazama kwa jicho la kitaalamu. Mwalimu alikuwa Daktari Waithira, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliyezisoma ripoti za kimataifa za mabadiliko ya tabianchi hadi kurasa ambazo, kwa maneno yake, hata walioziandika hawazirudii. Alieleza barafu ya mlimani ilivyokwisha. Alieleza nishati: dizeli, upepo, jua. Pampu ya jua, jedwali lilisema, ni safi na bei yake inashuka. Chini ya jedwali kulikuwa na maelezo ya herufi ndogo kwamba ikitumiwa bila mpango inaweza kumaliza maji. Herufi ndogo zilisomwa haraka kwa sababu chai ilikuwa imefika.

Lakini kilichomwingia Moffat moyoni ni kitu kingine. Wanasayansi hawa, mamia kwa mamia, hawakuwahi kuandika "kesho asubuhi." Walikuwa na ngazi. Jambo likiwa na nafasi ya tisini kwa mia na zaidi, waliandika yaelekea sana. Likipita sitini na sita, yaelekea. Likiwa katikati, huenda ikawa na huenda isiwe. Na kabla ya kusema wana imani kiasi gani na jambo, walijiuliza mawili: ushahidi ni mwingi kiasi gani, na wanaoujua wanakubaliana kiasi gani.

"Kwa hivyo, daktari," Moffat aliuliza, "mtu anaweza kusema hajui, na bado alipwe mshahara?"

"Anasema ni kiasi gani hajui. Hiyo ndiyo kazi."

"Na watu hawamchapi?"

Ukumbi ulicheka. Daktari Waithira hakucheka. "Wanamtukana tu kwa mtandao," alisema.

Alirudi Mwea ameokoka. Wa kwanza kukutana na wokovu huo alikuwa Mama Mwai, mwenye shamba mwishoni kabisa mwa mfereji.

"Baba Tabby, maji inakuja lini?"

"Yaelekea Alhamisi."

"Ati yaelekea? Inakuja ama haiji?"

"Nafasi ni kama sabini kwa mia."

"Na hiyo thelathini ingine nipande nini? Viazi?"

Maji yalifika Alhamisi. Hakuna aliyemshukuru. Watu waliomsamehe uongo wa miaka kumi na minane hawakuweza kumsamehe ukweli wa wiki mbili. Ikasemwa amehongwa, kwa kuwa mtu asiye na jibu ni mtu aliyeliuza.

Mwaka huo mvua za Machi zilichelewa na mto ukashuka. Mwaka huohuo pampu za jua zilienea. Wakati wa pampu za petroli, mwizi wa maji alinyonya saa moja, bei ya petroli ikamwuma, akazima. Jua halikumwuma mtu. Pampu zilinyonya mfereji kuanzia asubuhi hadi jioni, kimya, bila moshi, kwa namna ambayo jedwali la Nyeri lisingeona kosa. Huko mwishoni, shamba la Mama Mwai lilipasuka nyufa za kuingia kisigino.

Chama cha maji kikaamua paipu za wizi zikatwe, na wa kukata akawa Moffat. Alikata kumi na moja. Mojawapo ilikuwa ya Wambugu, kijana wa miaka thelathini aliyekuwa na mdomo mkubwa kuliko shamba lake. Wambugu akanunua nyingine, kisha akamngoja Moffat mbele ya kibanda cha chai cha Mwanabibi, hapo karibu na lango, palipokuwa na watu wa kutosha.

"Mzee, ukigusa paipu yangu tena, hiyo mkono utaibeba nyumbani kwa ndoo."

"Nimesikia," alisema Moffat.

"Na hiyo si yaelekea. Hiyo ni mia kwa mia."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kesho yake Moffat akaikata.

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, alikuwa ameinama kwenye usukani akifunga lango. Panga la kwanza lilitua kwenye mkono wa kushoto. Vidole viwili vilianguka mferejini, vikaenda na maji kuelekea kwa Mama Mwai, ambaye hakuwa na zamu siku hiyo. Panga la pili lilishuka kando ya kichwa na kuondoka na nusu ya sikio. La tatu lilikosa bega, likapiga chuma cha lango, na mlio wake ndio ulioita watu. Moffat alianguka kifudifudi kwenye matope. Alipogeuza uso, damu ikimjaa jichoni, aliona jozi ya viatu vya mpira, gambuti za kijani, zikipanda ukingo. Hakuona zaidi ya hapo.

Walimtoa matopeni watu walewale waliomwita mla rushwa asubuhi. Mwanabibi alimfunga mkono kwa kitambaa cha kukaushia vikombe, akamwegemeza kwenye ukuta wa kibanda. Kabla fundo halijakazwa, mhalifu alikuwa amepatikana. Wambugu alikutwa shambani kwake, hatua mia mbili kutoka langoni, amevaa gambuti za kijani, na panga lake limelowa. Mwea, msimu wa kupanda, hakuna panga kavu, na gambuti zinazouzwa mjini Wang'uru nyingi ni za kijani. Hilo halikujadiliwa.

Walimpiga kwanza kwa mpini wa jembe. Taya lilivunjika kwa sauti ya muwa. Wakamburuta kwa miguu hadi barabarani, kichwa kikigonga kila jiwe, na kila aliyefika aliuliza kuna nini baada ya kurusha lake. Waliomrushia ni pamoja na wenye paipu kumi nyingine zilizokatwa, na hao ndio waliorusha kwa bidii zaidi. Tairi likaletwa, likavishwa shingoni. Halafu pakatokea tatizo. Hapakuwa na petroli.

Mmoja alikimbia nyumba ya jirani, akarudi mikono mitupu. Nyumba ya pili vilevile. Wote waliokuwa na pampu za petroli walikuwa wamehamia kwenye jua. Ikabidi mwendesha boda boda anyonye tanki lake kwa mdomo, akitema na kutukana, na kazi hiyo ilichukua dakika nne. Ripoti za kimataifa zinaorodhesha faida nyingi za kuachana na mafuta. Hiyo haimo.

Katika dakika hizo Mama Mwai alikumbuka kwamba aliyekatwa yupo na anapumua.

"Baba Tabby! Sema! Ni huyu?"

Umati ukamgeukia. Wambugu, jicho moja limeziba, alimtazama Moffat kwa lile lililobaki. Hakuweza kusema neno, mdomo haukufungika.

Moffat alijiuliza yale mawili. Ushahidi: gambuti, na maneno ya kibandani. Mchache. Makubaliano: watu mia na zaidi, hakuna hata mmoja mwenye shaka. Makubwa mno. Yeye mwenyewe, kwa haki, alimpa kijana sabini kwa mia. Alifungua mdomo aseme yaelekea, akamwona mwendesha boda boda akija na chupa ya soda iliyojaa nusu. Akaelewa kwamba hapo neno lolote la katikati lilikuwa na maana moja. Angesema yaelekea, angechomwa. Angesema huenda isiwe, wangesikia huenda. Tairi halikuwa na ngazi.

"Si yeye," alisema.

"Ati?"

"Nimemwona na macho yangu. Mtu mnene, mrefu, shati ya bluu. Amekimbia hivi, kama anaenda Embu."

"Una hakika, mzee?"

"Mia kwa mia," alisema Moffat, kwa ile sauti ya kesho asubuhi.

Walimwamini papo hapo, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Nyeri. Tairi likavuliwa, na mwenye tairi akalidai. Umati ulielekea upande wa Embu kumtafuta mtu mnene, na ni heri kwa wanene wa njia hiyo kwamba giza liliwahi kuingia.

Zubair, mnunuzi wa mchele, aliwapakia wote wawili kwenye pikapu yake, ubavu kwa ubavu juu ya magunia. "Msinivujie kwa mchele," aliwaambia, kisha akaendesha kama mwendawazimu hadi hospitali. Njiani Moffat alilia kwa maumivu. Wambugu alijaribu na hakuweza.

Polisi walipokuja wodini, Moffat aliwaeleza gambuti za kijani, basi. Faili ilifunguliwa.

Baada ya miezi miwili alirudi langoni na mkono wa vidole vitatu. Wambugu alikuja Jumatatu moja, taya limefungwa kwa waya, amekonda kwa kunywa uji wa mrija. Alisimama mbali kidogo.

"Mzee. Maji inakuja lini?" Maneno yalipenya katikati ya meno.

"Jumatano. Yaelekea sana."

Wambugu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu kamili. Hakuondoka.

"Wambugu."

"Eeh."

"Ilikuwa wewe?"

Kijana aliokota jani, akalitupa majini.

"Yaelekea," alisema.

"Nilikuwa nimekupa sabini."

Moffat alishika usukani, akafungua mizunguko minne akihesabu kwa sauti, akaishia hapo. Maji yakaanza safari ya kwenda kwa Mama Mwai.

"Na ile pampu?" aliuliza bila kugeuka.

"Nimeuza."

"Na paipu?"

"Paipu si ulikata wewe mwenyewe."