Kidole Nilichotuma kwa Jina la Kadzo

Mimi mzee wa Chaani, niliyejenga nyumba kwa elimu ya darasa la pili tu, nimeaibika. Mjukuu wangu Kadzo, anayeishi na virusi vya Ukimwi, nilimfokea akaondoka, akaniachia hata simu niliyomnunulia. Kila jioni vijana wenzake wa kliniki hutuma kidole gumba kwenye kundi la WhatsApp, maana yake dawa wamemeza. Hamu ya kuwa naye ikanizidi, nikawa natuma kidole chake kwa simu hiyo. Wakijibu, “Hongera Kadzo!” nahisi yumo chumbani anacheka.

Jana muuguzi wa kliniki akapiga simu ya video, akakuta ndevu zangu.

“Shikamoo babu. Kadzo yuko wapi?”

“Marahaba. Sijui, mwanangu.”

“Na vidole vya wiki tatu hizi?”

“Ni mimi.”

“Babu, lau ungalinyamaza siku mbili tu, tungalikwenda kumtafuta.”